Je, wajua kwa nini mchonga milango wa Lamu hulihitaji jumba la makumbusho?

Katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, ambako mizigo bado hubebwa na punda kwa sababu gari halipiti, si ajabu kumkuta fundi ameketi juu ya ubao mnene, bobari mkono mmoja na nyundo ya mti mkono wa pili, akifuata mstari wa penseli wa ua ambalo bado halijatokeza. Ubao huo utakuwa mwimo wa mlango. Ufuoni, mwendo mfupi kutoka hapo, limesimama Jumba la Makumbusho ya Lamu, lililofunguliwa mwaka 1971 katika nyumba ya ghorofa ambayo zamani ilikaliwa na wakuu wa serikali ya kikoloni. Mgeni hudhani kwamba mle ndani mna vitu vya kale tu na kwamba fundi huyu ana maisha yake mbali na hayo. Ukweli ni kwamba riziki yake imefungamana na jumba lile kwa njia ambazo hazionekani mara moja.

Njia ya kwanza ni ya kielelezo. Fundi wa Lamu hujifunza kwa kukaa na fundi mwenziwe, si kwa kusoma vitabu, lakini mikono ya watu husahau, na mtindo usioagizwa kwa miaka ishirini hupotea pamoja na aliyeujua. Chukua mfano wa kiti cha enzi, kile kiti cha mpingo chenye mgongo ulionyooka wima, kilichopachikwa vipande vya pembe ya ndovu na kujazwa kamba zilizofumwa mahali pa kukalia na pa kuegemea. Kwa macho ya mpita njia ni kiti tu. Kwa fundi, kila kiungo ni swali: ulimi wa ubao umeingia kiasi gani, kamba imeanzia tundu lipi, mgongo umezidi kiti kwa shubiri ngapi. Picha haimjibu maswali hayo. Chombo chenyewe, kilichohifadhiwa mjini mwake na si ng'ambo, humjibu. Ila pembe ya ndovu sasa ni haramu kuuzwa, kwa hiyo itambidi atafute kitu kingine cheupe cha kupachika.

Kwamba chombo kibaki mjini si jambo dogo. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mwanamuziki na mchonga milango wa Lamu. Wateja wake wakubwa wa miswada walikuwa wataalamu wa Kizungu, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na ndiyo sababu leo anayetaka kuona sehemu kubwa ya maandishi ya mkono wake huipata katika maktaba za Ulaya, London ikiwamo. Siwalaumu walionunua, kwani bila wao huenda karatasi zile zingeliwa na mchwa. Lakini kijana wa Lamu anayetaka kujifunza khati ile kwa kuitazama yenyewe anahitaji pasipoti.

Milango ilipata bahati nzuri zaidi, na hapa ndipo ilipo njia ya pili, ambayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inautaja waziwazi, miongoni mwa vitu vinavyolindwa, mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Mlango wa namna hiyo hauwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Matokeo yake kwa fundi ni ya moja kwa moja: tajiri anayetamani mlango wa Lamu kwa ajili ya hoteli yake hawezi kuung'oa wa mwenye nyumba maskini na kuupakia chomboni. Akiutaka, na aagize mpya. Mpaka huo wa mwaka 1946, kwa sadfa tu, unaifunika kazi yote ya mlango aliyoiacha Kijuma.

Njia ya tatu ni mji wenyewe. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yenye jumba hili la ufuoni, husimamia pia ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984, pamoja na nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyokarabatiwa ili watu waone zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na sakafu zilivyokuwa. Zaidi ya hayo, taasisi hiyo ina usemi juu ya ukarabati wa nyumba za watu ndani ya mji wa kale, eneo la hekta 16 hivi lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba inayotakiwa kukarabatiwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko humpa kazi mwashi, mchoma chokaa, mkata mikoko na seremala. Ikiruhusiwa kuwa ya zege na madirisha ya alumini, wote hao hawana kazi. Wakati wa Maulidi makumbusho hushiriki pia kuandaa mashindano ya mashua, ya punda na ya khati, nayo huwakusanya wenyeji wengi kuliko maonyesho yoyote ya kabatini.

Mpango huu una gharama zake. Chokaa na boriti ni ghali kuliko saruji, na mwenye nyumba wa kipato kidogo hulalamika, kwa haki, kwamba anaubeba urithi wa dunia kwa mfuko wake mwenyewe. Marufuku ya kukata miti iliyotolewa na serikali mwaka 2018 iligusa hata mikoko. Wengine waliona afadhali wauze nyumba kwa wageni, na hao wageni, tuseme kweli, mara nyingi ndio wanaoagiza milango.

Tena, sheria haimtazami fundi aliye hai. Mlango aliouchonga mwezi uliopita, hata ukiwa bora kuliko ule wa babu yake, uko upande wa pili wa mwaka 1946. Unaweza kung'olewa na kupakiwa kesho bila mtu kuomba kibali, naye fundi hana neno, kwa sababu ameshalipwa.