Kusikiliza bila kuona: jaribio la ABX ni nini?

Ingia duka la redio uombe kusikilizishwa spika mbili. Muuzaji mjanja ile anayotaka uinunue ataipandisha sauti kidogo tu, nawe utaondoka ukisifia besi yake. Hujadanganywa na masikio mabovu. Sauti inaposhuka, besi ndiyo hutangulia kupotea, kwa hiyo ongezeko dogo hulisikii kama kelele, unalisikia kama ubora.

Basi anayepima vyombo kwa niaba ya wanunuzi aanze kwa kusawazisha sauti. Kwa amplifaya, yaani vikuza sauti, ni rahisi: piga mlio wa hezi 1000, pima volti za kila kimoja pale nyaya za spika zinapofungwa, zisipishane kwa zaidi ya asilimia 1 hivi, yaani desibeli 0.1 katika kipimo cha ukubwa wa sauti. Kukadiria kwa sikio hakutoshi.

Linabaki jicho. Mwaka 1994, watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa Harman, kampuni ya vyombo vya sauti ya Marekani, waliwapa wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika za aina nne wazipe alama. Walipoziona, zile kubwa za bei zilipanda alama. Zilipofichwa, pengo likapungua. Na hao ni watu wa kazi hiyo hiyo!

ABX ndiyo dawa ya jicho. Kuna kifaa A, kifaa B, na X ambacho ni kimojawapo, kimechaguliwa kwa kura. Msikilizaji ahame kati yao apendavyo, kisha aseme X ni nani. Arudie mara 16. Akipatia 12 au zaidi tumsikilize, kwa sababu anayebahatisha hufika hapo chini ya mara 4 katika 100. Akipatia 9, asituandikie kwamba tofauti ni ya mbingu na ardhi. Hata hivyo, kushindwa kwake hakuthibitishi kuwa vifaa ni sawa kabisa.

ABX haisemi kipi kizuri, na kwa spika haisaidii sana, maana hizo hutofautiana waziwazi. Spika zipewe alama nyuma ya pazia linalopitisha sauti, kila moja ikikaa palepale ilipokaa mwenzake. Ukiisogeza kwenye kona tu, besi inafura. Harman walijenga mtambo wa kuzibadilishana mahali kwa sekunde chache. Asiye na mtambo amwombe jirani azihamishe, na jirani naye abaki nyuma ya pazia, kwani uso wake utatoa siri.