Uzembe wa kitabibu: kwa nini huomba faili kwanza

Mama mmoja alifika ofisini kwangu hapa Tabora amebeba mtoto wa miaka miwili ambaye shingo yake bado haijakaza, akaniwekea mezani nakala ya patografu, karatasi ambayo mkunga huandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa wakati wa uchungu. Nukta zilifuatana vizuri hadi saa saba usiku, kisha hapakuandikwa chochote hadi saa kumi na nusu. Hospitali sitaitaja. Nilimwambia kwamba pengo lile lina uzito kuliko maneno yote aliyokuwa amenieleza.

Kanuni ni moja kwa madaktari wote: mdai athibitishe kwamba alistahili uangalizi, kwamba uangalizi huo ulikiukwa, na kwamba madhara yalitokana na ukiukwaji huo. Hapo pa mwisho ndipo kesi nyingi za uzazi hufia, kwa kuwa utetezi husema mtoto aliumia tumboni kabla mama hajafika wodini.

Kinachotofautiana ni namna ya kuthibitisha. Katika upasuaji, tukio lenyewe huweza kuzungumza: katika kesi ya Cassidy, Uingereza, 1951, mgonjwa aliyelazwa kwa vidole viwili vilivyokakamaa alitoka na vinne, na hospitali ndiyo ikatakiwa kujieleza. Katika magonjwa ya akili mambo ni magumu zaidi. Mgonjwa aitwaye Bolam, aliyevunjika nyonga alipotibiwa kwa umeme bila dawa ya kulegeza misuli, alishindwa mwaka 1957 kwa sababu wapo madaktari makini waliotibu vivyo hivyo. Ilipofika 1997, katika kesi ya Bolitho, ndipo ikaongezwa kwamba maoni ya wataalamu hao sharti yahimili mantiki. Kuhusu uzazi, kesi ya Montgomery ya 2015 ilimpa mjamzito mwenye kisukari haki ya kuelezwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama, iliyokuwa asilimia 9 hadi 10. Hukumu hizi za Uingereza hushawishi tu mahakama zetu, hazizifungi, ila mawakili wa pande zote mbili huzibeba.

Muda ni jambo la kuangalia mapema. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, ingawa kwa mtoto hesabu husubiri atimize utu uzima. Na ikiwa hospitali ni ya serikali, lazima itangulie notisi ya siku 90.

Kwa mama yule tulianza na barua ya kuomba faili zima, pamoja na daftari la makabidhiano ya zamu ya usiku ule.