Mkupuo ni wa kuishi pia: kutumia akiba miaka ya mwanzo ya kustaafu

Katika semina za watumishi wanaokaribia kustaafu hapa Mtwara na Lindi, maswali tunayoulizwa kuhusu mkupuo, yaani fedha nyingi anayolipwa mstaafu kwa mara moja, ni yale yale. Ninunue shamba la mikorosho? Nijenge vyumba vya kupangisha? Niwakabidhi vijana bodaboda waniletee hesabu kila jioni? Ni nadra mtu kusimama na kuuliza: nitaifurahiaje fedha hii? Na akitokea wa kuuliza, wenzake humcheka. Sisi watoa elimu tuna sehemu yetu katika hilo. Tumesisitiza mno hofu ya kuishiwa, na hatukufundisha kwamba kutumia nako kunahitaji mpango.

Sheria inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Miaka kumi inayofuata ndiyo ambayo magoti bado yanapanda basi, macho bado yanaona mbali, na mara nyingi mume na mke wangali pamoja. Safari unayoiahirisha ukiwa na miaka 58 hadi "mambo yakae sawa" unaweza usiiweze kabisa ukiwa na 72, hata kama fedha itakuwepo. Kwa hiyo matumizi ya raha yanapaswa kutangulia, si kusubiri masalio.

Tuanze na hesabu, maana raha isiyo na hesabu ndiyo inayowatisha watu. Tuchukue mwalimu wa Masasi aliyechangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwa miezi 360, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kikokotoo kinazidisha mshahara wa mwaka, yaani 14,400,000, kwa miezi 360, kisha kinagawanya kwa 580. Pensheni kamili ya mwaka inakuwa takriban 8,938,000. Tangu mabadiliko ya mwaka wa fedha 2024/25, walio katika kundi la asilimia 40, mwalimu wetu akiwemo, hupata asilimia 40 ya pensheni hiyo ya mwaka kwa mkupuo, ikizidishwa kwa 12.5. Mwalimu wetu anapokea takriban shilingi milioni 44.7 kwa mkupuo, na asilimia 60 iliyobaki inampa karibu 447,000 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.

Tazama vizuri namba hiyo ya pili, kwa sababu watu huiruka. Pensheni ya mwezi ndiyo ya unga, mboga, umeme na nauli ya daladala. Haikomi. Mtu mwenye pensheni hana sababu ya kuufungia mkupuo wote kana kwamba kesho hakutakuwa na kitu. Pia hana sababu ya kuumaliza wote kwa mwaka mmoja, kwani 447,000 haitapaua nyumba.

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichapisha hesabu iliyopata umaarufu mkubwa: mstaafu akichukua asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kufuatana na mfumuko wa bei, akiba hiyo ingemtosha kwa angalau miaka 30. Aliikokotoa kwa kutumia hisa na hati fungani (mikopo yenye riba) za Marekani, kwa hiyo asilimia hiyo usiibebe kama ilivyo. Inamfaa zaidi kama fundisho mfanyabiashara wa Lindi mjini au mvuvi wa Kilwa Kivinje asiye na pensheni, ambaye akiba ndiyo mshahara wake: aamue tangu mwanzo atachota kiasi gani kwa mwaka, asichote kila anapoombwa.

Kwa mwenye pensheni, ninashauri hivi: toa asilimia 10 ya mkupuo, uiite fungu la kufurahia, na uiweke kwenye akaunti yake peke yake. Kwa mwalimu wetu ni karibu milioni 4.5. Akiigawa kwa miaka mitano ya mwanzo, anapata takriban 890,000 kila mwaka. Fedha hiyo haijengi, hailimi, haikopeshwi. Ina kazi moja tu.

Kusini, 890,000 kwa mwaka inafanya mambo. Ninawafahamu walimu wa historia waliofundisha habari za Kilwa maisha yao yote bila kukanyaga Kilwa Kisiwani. Msafiri maarufu Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331, UNESCO ikayaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na mtu wa Nachingwea anapita njia panda ya Nangurukuru akielekea Dar es Salaam, miaka nenda miaka rudi, bila kukata kona. Nenda na mwenzi wako. Laleni Kilwa Masoko siku mbili, vukeni mkauone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Wa Tandahimba ashuke Msimbati akaone bahari. Wa Mtwara mjini apande Newala, asimame ukingoni mwa uwanda wa Makonde na kulitazama bonde la Ruvuma likiwa chini yake. Ukitaka kwenda mbali zaidi, panga miezi ya Julai hadi Septemba. Masika barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam si ya kuaminika, na mwaka 2024 mafuriko yaliikata kabisa.

Wala raha si safari tu. Kuna mtu aliyevumilia godoro bovu tangu watoto wakiwa wadogo. Kuna anayesoma Kurani au Biblia kwa miwani ya kuazima, na mwingine anayetafuna upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya meno. Choo cha ndani kwa mama mwenye miaka 60 ni raha ya kila usiku. Haya yote ni matumizi halali ya fungu hili, na mimi ningeanza na hayo kabla ya Kilwa.

Sasa jambo gumu. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana wajibu mkubwa kwa wapwa zake. Mjomba akistaafu, habari hufika kijijini kabla ya fedha kuingia benki. Msimu wa jando na unyago unamkuta: ngoma, nguo, mchele, mbuzi. Sisemi uache. Kumcheza mjukuu au mpwa wako ni fahari, na wengi wangeitaja kuwa ndiyo raha yao kuu. Lakini fungu la ukoo liwe na kiwango chake kwa mwaka, nalo lisimeze fungu lako. Kiasi hicho kitamke mapema, mbele ya watu wazima wa familia, mwaka ungali mchanga. Ukikitamka baada ya kuombwa, kitasikika kama uchoyo. Ukikitamka kabla, kinakuwa utaratibu.

Kuhusu mikorosho, nitasema kwa ufupi. Shamba jipya huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mavuno ya kutegemewa huja baadaye. Katikati kuna palizi, na kila mwaka kuna salfa ya kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga. Bei nayo hupanda na kushuka. Msimu wa 2018 wanunuzi walileta bei ya chini, Serikali ikainunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Kama unalipenda shamba, pata kwanza ushauri wa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, na weka kiasi ambacho kikichelewa kurudi hakitakunyima usingizi. Shamba ulilonunua kwa sababu tu jirani ana shamba litakula hata asilimia 10 tuliyoitenga.

Asilimia 90 iliyobaki ipangiwe dharura, nyumba na uwekezaji usiohitaji nguvu za mwili. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, hukurudishia fedha ndani ya siku chache za kazi, hivyo unafaa kwa dharura. Hati fungani za Serikali hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na unaweza kuanza na shilingi milioni 1 kupitia benki au dalali aliyesajiliwa. Benki Kuu ina tawi Mtwara, kaulize hapo. Tuseme umeweka milioni 10 kwa riba ya asilimia 12: kila baada ya miezi sita zinaingia 600,000. Baada ya ile miaka mitano, riba hiyo inaweza kulirithi fungu la kufurahia bila kugusa mtaji.

Yeyote anayekuahidi mara mbili ya fedha yako ndani ya wiki au miezi michache, hata akiwa muumini mwenzako, mkatalie. Waliopoteza fedha kwenye upatu wa DECI mwaka 2009 waliahidiwa hivyo hivyo.

Kama unastaafu mwaka ujao, kaa na mwenzi wako sasa, mkupuo ukiwa bado haujaingia. Kila mmoja aandike peke yake mambo matatu anayoyatamani, kisha mbadilishane karatasi. Wanandoa wengi hugundua hapo kwamba hawakuwahi kuulizana. Mama ameandika kwenda kumwona dada yake Songea, baba ameandika redio nzuri na kiti cha kukalia barazani. Jumlisheni gharama, linganisheni na ile 890,000, na mpange lipi lianze. Karatasi hiyo nendeni nayo benki siku ya kufungua akaunti ya fungu hilo, na sahihi ziwe mbili, ili asiwepo wa kulichota peke yake ukoo unapobisha hodi.