Mafunjo yana kwao, na kwao ni hapa

"Mafunjo ni mmea wa Misri." Karatasi za Mafarao, zilizotengenezwa kwa mashina yake, ndizo zilizoyapa sifa hiyo, lakini mafunjo, mimea mirefu ya vinamasini, ni ya Afrika ya kitropiki karibu yote, hadi Madagaska: kinamasi cha Sudd huko Sudan Kusini, kingo za Ziwa Victoria, delta ya Okavango. Misri kwenyewe mafunjo ya mwituni yalidhaniwa yamekwisha, hadi yalipoonekana tena katika bonde la Wadi Natrun mwaka 1968.

"Ni gugu tu kama gugu maji, yang'olewe." Hili huniuma. Gugu maji ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mafunjo yalikuwapo tangu zamani. Wala si matete. Matete ni nyasi, mafunjo ni ndugu wa ndago ile inayosumbua mashambani, ila yenyewe hufika mita 4 au 5. Lishike shina lake: lina pembe tatu, halina kifundo, na ukilikata ndani ni jeupe, laini kama sponji, limejaa hewa.

"Ndani ya mafunjo hakuna kinachoishi, maji yamekufa." Kweli, oksijeni humo ni haba, na uhaba huohuo ndio ngao. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 akawamaliza furu wengi, samaki wadogo wa ziwa hilo, hawezi kuvumilia maji ya namna hiyo. Baadhi ya furu wanaweza, na kwenye mafunjo ndiko walikosalimika. Samaki kamongo naye hapati shida, kwa kuwa hupumua hewa kwa mapafu. Juu yao hupita nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame topeni.

"Kinamasi kikikaushwa, shamba limepatikana." Mwanzoni hustawi, sikatai. Lakini udongo ule mweusi ni mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza. Ukikauka huanza kuoza na kusinyaa, na kaboni iliyofungiwa humo hupanda hewani. Tope na mbolea za mashambani, ambazo mizizi ya mafunjo ilikuwa ikizinasa mtoni, sasa zinaingia ziwani moja kwa moja na kulilisha gugu maji.

Kuvuna kwa ajili ya mikeka hakuyaui mafunjo. Yakikatwa na kupewa muda, huchipua upya kutoka kwenye shina lake la chini. Yanayoyamaliza ni kukatwa bila kupumzishwa, moto wa mara kwa mara, na mtaro wa kuondoa maji.