Kuacha pombe: tunayoaminishana mtaani na ukweli wenyewe

Kaka yangu ana mwaka na miezi minne hajagusa pombe, na huko nyuma alikuwa mtu wa kuzimua saa moja asubuhi kabla hata ya chai, kwahiyo haya mengine nimeyaona nyumbani kwetu na mengine nimeuliza madaktari, maana maneno ya mtaani nusura yatuulie ndugu.

"Ukiamua tu, unaacha leo leo"

Naanza na hii kwasababu inaua. Mtu anayekunywa sana kila siku mwili wake umeshazoea, ukimkatia ghafla masaa machache tu mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unaenda mbio, wengine wanapata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuna wanaofika siku ya pili au ya tatu wanachanganyikiwa kabisa wanaona vitu ambavyo havipo. Sisi tulimfungia chumbani tukijua tunamsaidia, usiku wa pili akadondoka na degedege huku mlango umefungwa kwa nje. Msifanye hivo jamani. Hospitali kwanza, kuna dawa za kumvusha salama na wanampa vitamini B1, maana wanywaji wengi wanakuwa wameishiwa na ikiisha ubongo unaumia. Ratiba na mazoea ya kila siku yanafuata baada ya hapo.

"Muondolee pombe karibu yake, ataacha mwenyewe"

Viroba, zile pombe kali za kwenye vipakiti vya plastiki, vilipopigwa marufuku Tanzania Machi 2017 nyumbani tulishangilia, haikupita muda kaka akahamia kwenye gongo. Saa yake ya kunywa ilikuwa palepale, hicho ndo tulikuwa hatukioni. Pombe ilikuwa imechukua jioni yote, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tano usiku, sasa ukiitoa hayo masaa yanabaki matupu na mtu hajui ayapeleke wapi. Wiki ya kwanza katoka hospitali alikuwa anakaa kwenye kochi miguu inacheza, anaangalia saa ya ukutani kila baada ya dakika mbili.

Yeye ni fundi seremala, na njia ya kutoka karakana inapita grosari mbili ambako wote wanamjua kwa jina. Akabadili njia, anazungukia nyuma ya msikiti, ni mbali kidogo lakini hakuna wa kumwita. Akifika anakuta uji wa ulezi wa moto wenye ndimu, anaunywa kabla hajaoga na kabla hajaongea na mtu, maana tuligundua akiwa na njaa anadhani ni hamu ya pombe. Wenzetu wa AA, kile kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe kilichoanzia Akron, Marekani, 1935, nao wanafundishana hivohivo, hamu ikija jiulize kwanza, nina njaa, nina hasira, niko mpweke au nimechoka? Halafu hela, siku akilipwa anamtumia wifi kwenye simu akiwa bado karakana, anabakiza nauli, na hilo aliliomba mwenyewe hakulazimishwa.

"Hamu ikikushika haiondoki mpaka unywe"

Inaondoka. Inapanda, inafika kileleni, inashuka, na mara nyingi ni ndani ya nusu saa, kazi ni kuwa na kitu cha kufanya na mikono wakati inapita. Kaka anachukua kipande cha mninga anakipiga msasa, vumbi jekundu limejaa mapajani, hasemi neno, hatumsemeshi. Ile mbao pole pole inageuka mwiko. Kabatini tuna miiko tisa.

"Siku 21 na tabia mpya imeshakaa"

Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajizoesha vitu vidogo kama kula tunda mchana au kunywa maji, wastani ikawa siku 66, kuna wa siku 18 na kuna waliokadiriwa kufika 254. Na hao walikuwa hawapambani na kilevi! Kwahiyo mtu wako akifika mwezi bado anahangaika usimwambie hana nia. Hao watafiti waliona pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu, yani akikosa uji leo kesho anaendelea.

"Bia moja tu ya kulalia"

Pombe inakulaza haraka halafu inakuamsha saa tisa usiku. Usingizi wa aliyeacha unaweza kusumbua wiki hata miezi, ni kawaida. Kulala na kuamka saa zilezile kila siku kunasaidia sana.

"Mtilie dawa kwenye mchuzi asijue"

Hapana kabisa. Ipo dawa ya kweli ambayo ukiinywa kisha ukagusa pombe unatapika, moyo unaenda mbio, presha inashuka, na mtu anaweza kufa. Anayeitumia lazima ajue na daktari awepo.

"Akinywa tena, basi kazi yote imepotea"

Kabla ya huu mwaka na miezi minne kaka aliteleza mara mbili, ya pili ilikuwa msibani, usiku wa matanga. Asubuhi yake akaja mwenyewe jikoni kuniambia, macho chini, nikamuwekea uji wake kama siku zote, akaenda kazini kwa ile njia ya nyuma ya msikiti. Ule ulikuwa usiku mmoja. Kama mtu wako ameshakunywa siku kadhaa mfululizo, rudini hospitali, msimkatie ghafla nyumbani kama tulivyofanya sisi.