Viini 64, mzani mmoja

"Shikamoo mwalimu. Seva ya zamani ilikuwa na viini 16, hii mpya ina 64. Mbona mpya ndiyo inasuasua?" Kijana aliyenipigia yuko ofisi moja hapa hapa Dodoma, na alishaanza kumshuku muuzaji. Viini ni sehemu za kichakataji zinazofanya kazi kwa wakati mmoja.

Nikamwambia afikirie soko la nafaka la Kibaigwa msimu wa mahindi, halafu mzani uwe mmoja. Ongeza wachukuzi utakavyo, magunia yatapimwa kwa kasi ile ile. Ndani ya kompyuta, mzani ni kufuli inayolinda data ya pamoja: kiini kimoja kikiishika, vingine vinasubiri. Linux ilipoanza kuhudumia vichakataji vingi mwaka 1996, toleo 2.0, kerneli yake nzima, yaani moyo wa mfumo endeshi, ililindwa na kufuli moja kubwa. Masalia yake yaling'olewa mwaka 2011. Miaka 15! Na hesabu ya mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl ya mwaka 1967 haina huruma: asilimia 5 tu ya kazi ikilazimika kwenda kwa zamu, viini 64 vinakupa kasi ya kama mara 15 ya kiini kimoja.

Lakini hiyo inaeleza kwa nini kasi haiongezeki, siyo kwa nini inapungua. Mchawi ni kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya kichakataji. Kila kiini huweka nakala yake ya data karibu. Kimoja kikiandika, nakala za wenzake zinabatilika, wanalazimika kuifuata upya. Viini 64 vikigombea namba moja, muda unaishia njiani.

Ndiyo maana naupenda Barrelfish, mfumo wa utafiti wa ETH Zurich na Microsoft uliotangazwa mwaka 2009. Kila kiini kina kerneli yake, hakigusi data ya mwenzake, wanatumiana ujumbe. Amoeba, mfumo endeshi wa kina Andrew Tanenbaum kule Amsterdam, ilifanya mashine nyingi zionekane moja; hawa wakaichukulia mashine moja kama mtandao. Linux haikwenda huko. Imegawanya kufuli vipande vidogo, na data nyingine kila kiini kikapewa yake. Kwa seva za kawaida, sina ugomvi na njia hiyo.

Kwa kijana tulikuta kihesabio kimoja cha maombi kinachoandikwa na nyuzi zote, yaani kazi zote zinazokwenda sambamba ndani ya programu. Tukakipa kila kiini chake, jumla ipigwe ripoti ikitakiwa. Seva ikachangamka. Sasa anauliza kwa nini nusu ya kumbukumbu iko mbali na nusu ya viini, na hiyo inataka siku yake.