Kulegeza msimamo baada ya kushindwa uchaguzi: maana yake

Matokeo yakishatangazwa, kwenye kijiwe chochote cha kahawa pale Kirumba, Mwanza, utasikia kauli mbili. Mmoja anasema chama kilichoanguka kilikuwa na maneno makali mno, kikawatisha watu. Mwenzake anakataa: kilianguka kwa kuwa kilipoa, watu hawakuona tofauti yake na waliopo madarakani. Wote wawili wanabishania jambo moja, kulegeza msimamo.

Chama hulegeza msimamo kinapopunguza ukali wa madai yake ili kimpate mpiga kura ambaye hakukichagua. Hapo watu huchanganya mambo. Chama kilichoahidi kufuta ushuru wa samaki mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, kisha kikasema kitaupunguza, kimelegeza sera. Kikibaki na ahadi ileile lakini kikaacha kuwaita watoza ushuru wezi, kimelegeza lugha tu. Na kuna njia ya tatu, ambayo kwetu ndiyo hutumika zaidi: sera haiguswi, anabadilishwa mgombea.

Nadharia yenyewe ilianzia kwenye biashara. Mwaka 1929 mchumi wa Marekani, Harold Hotelling, alijiuliza wauzaji wawili wa barabara moja watajipanga wapi. Tuipeleke ufukweni kwetu: akina mama wawili wanakaanga sangara, mmoja kila mwisho wa mwalo, na wateja wametapakaa kote. Mmoja akisogea kidogo kuelekea katikati, wateja wa nyuma yake bado ni wake, na ameshagusa wa mwenzake. Mwenzake naye anasogea. Mwishowe masufuria yanakaa bega kwa bega. Mwaka 1957 Anthony Downs alilipeleka wazo hilo kwenye siasa za vyama: anayemfikia mpiga kura wa katikati ndiye anayeshinda.

Mfano unaotajwa sana ni wa chama cha Labour cha Uingereza. Kilishindwa mara nne mfululizo, 1979, 1983, 1987 na 1992. Mwaka 1995, chini ya Tony Blair, kikafuta kwenye katiba yake kipengele cha umiliki wa pamoja wa njia kuu za uchumi, na 1997 kikashinda kwa kishindo. Lakini Marekani ilitoa jibu tofauti kabisa. Baada ya Republican kushindwa urais mwaka 2012, chama kilifanya tathmini, na ripoti ya 2013 ikashauri kilegeze upande wa wahamiaji. Donald Trump akafanya kinyume, na 2016 akashinda.

Kwa nini? Rudi mwaloni. Hesabu ya Hotelling inamchukulia mteja wa mbali kuwa atatembea tu hadi katikati. Huyo wa kwetu anaweza kuamua kwenda nyumbani kula dagaa wake. Mwaka 2010 Tanzania, zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakupiga kura ya urais. Ukiwa na watu wengi namna hiyo waliokaa nyumbani, kulegeza ili umridhishe wa katikati kunaweza kukufukuzia wako.

Uchaguzi huohuo ulitikisa Mwanza. Chadema, chama cha upinzani, ilichukua majimbo ya Nyamagana na Ilemela, na Nyamagana Ezekia Wenje alimwangusha waziri wa mambo ya ndani aliyekuwa kazini. CCM, chama tawala, ilishinda urais, lakini kura zake zilikuwa zimeporomoka kutoka asilimia 80 ya mwaka 2005 hadi kama 62. Mwaka 2011 ikaja na msemo wake, kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi waliotuhumiwa kwa ufisadi. Nausifu msemo huo kwa ufundi wake, hata kama utekelezaji wake ulibishaniwa ndani ya chama chenyewe: nyoka akijivua gamba anabaki nyoka yuleyule, ila anang'aa.

Chadema nayo iligeuka mwaka 2015, na kwa njia ile ya tatu. Ikampokea Edward Lowassa kutoka CCM awe mgombea urais wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, wakati mwaka 2007 chama hichohicho kilikuwa kimelisoma jina lake pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, kwenye orodha ya watu kiliowatuhumu kwa ufisadi. Dk. Willibrod Slaa, aliyekuwa mgombea wa 2010, akajiondoa. Ukitazama nchi nzima, hesabu ilijibu: kutoka kura kama milioni 2.3 hadi zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40. Ukitazama Mwanza, Nyamagana na Ilemela zote zilirudi CCM.

Wengi huishia kusema Lowassa aliiponza Mwanza. Mimi naona wanasahau kwamba mwenzao naye alisogea. CCM ilimsimamisha John Magufuli, mtu wa Chato, mwenyeji wa kanda hii hii ya ziwa, aliyezungumza karibu kama mpinzani dhidi ya uzembe serikalini. Wa upinzani alipunguza ukali, wa chama tawala akauokota.

Kuna jambo jingine ambalo nadharia hulikalia kimya. Inadhani kura zimehesabiwa sawasawa na wote wamekubali. Chama kinachoamini kimeporwa hakiwezi kuambiwa tu kilegeze; mjadala wake ni wa tume na sheria kwanza.

Kwa aliyekubali kwamba ameshindwa, swali la kulegeza au kukaza ni la pili. La kwanza ni kura zimekwenda wapi, na jibu lake mara nyingi lipo kwenye nakala za matokeo ambazo mawakala huondoka nazo vituoni. Kata kwa kata, linganisha na uchaguzi uliopita. Kama kura zako Igoma zimepungua na za mpinzani zimeongezeka kwa kiasi kinachokaribiana, huenda watu wamehama, na hapo kulegeza kuna maana. Kama zako zimepungua na zake zimebaki palepale, watu wako wamekula dagaa nyumbani.